Likizo ya Bahari

Ngollo alikuwa ameinama barazani anatia mafuta cherehani yake, asubuhi kabla maduka ya mtaa ule hayajafunguliwa, alipohisi miguu imelowa. Alimaliza kwanza tundu la mwisho, akafuta ncha ya kikopo kwa kipande cha kitambaa cha marekani, ndipo akatazama chini. Maji yalikuwa yamefika kwenye pedeli. Yalikuja taratibu, yakarudi nyuma kidogo, yakaja tena. Akachovya kidole, akaonja.

"Yana chumvi, bwana Fakhrudin," alisema.

Fakhrudin mwenye duka alikuwa mlangoni na funguo mkononi. Naye akainama, akachovya, akaonja. "Ni kweli, bwana Ngollo," akasema. "Yana chumvi." Kisha akafungua duka, maana ilikuwa saa ya kufungua.

Mtu yeyote wa mtaa ule ambaye angewasikia asubuhi hiyo angejua kuwa mambo yameharibika, na maji hayahusiki. Kilichoharibika ni hilo "bwana". Miaka yote ambayo Ngollo alishona kwenye baraza ile hakuwahi kumwita Fakhrudin bwana. Alimwita Mzigo. Na Fakhrudin alimwita Punda, hata mbele ya wateja, hata siku ya Idi.

Majina hayo waliyarithi. Babu yake Ngollo alikuwa mpagazi wa misafara, mmoja wa wale Wanyamwezi waliokwenda pwani na pembe begani wakarudi na majora ya nguo kichwani. Babu yake Fakhrudin alikuwa Mhindi mwembamba aliyetoka Bagamoyo kuja kujaribu biashara Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Walipofika mto Ruvu yule Mhindi akaogopa maji, yule mpagazi akambeba mgongoni. Katikati ya mto akasimama, akasema, "Mzigo huu haukuwamo kwenye mapatano," akamwangusha. Kisha akamwokota, akamfikisha ukingo wa pili, wakacheka wote wawili mpaka msafara ukawaacha. Tangu hapo koo zile mbili zikawa watani, sawa na Wanyamwezi na Wazaramo, ambao utani wao nao ulianzia njiani humohumo.

Na ulikuwa utani kweli, si wa mdomo tu. Ngollo akiona kitambaa kimempendeza aliingia dukani akakata, akatoka. Fakhrudin akisikia harufu ya chakula cha Ngollo alikwenda barazani akala nyama, akamwachia mchuzi. Baba yake Fakhrudin alipofariki, baba yake Ngollo aliteremka kaburini akalala chali, akasema habanduki mpaka apewe mwavuli wa marehemu. Jamaa waliotoka mbali kuja maziko waliuliza kulikoni, wakaelezwa, wakatoa mwavuli. Ngollo alikuwa nao mpaka leo, na mbavu mbili zimekatika.

Utani una sheria zake nazo si nyingi. Mtani hakasiriki, na mtani haombi radhi. Ukikasirika umeuvunja. Ukiomba radhi umeuvunja zaidi, maana umekiri kuwa ulilosema halikuwa utani.

Mwaka ule serikali ilikuwa ikichukua majumba ya kupangisha. Fakhrudin hakuwa na wasiwasi. Nyumba yake ya ghorofa ilikuwa na duka lake chini na kitanda chake juu, na hakumpangisha mtu hata chumba cha kuku. Kijana mmoja mgeni, aliyetumwa kupita mtaa ule kuangalia nyumba ipi ni ya kupangisha na ipi siyo, alikuja na mkoba wake akamkuta Ngollo barazani anapinda suruali.

"Mzee, wewe hapa unakaa kwa masharti gani?"

"Huyu kupe ananinyonya," alisema Ngollo bila kuinua uso. "Ananitoza kodi ya kivuli. Jua likizunguka anapandisha."

"Na ya mwezi huu hajatoa," Fakhrudin alijibu kutoka ndani. "Punda huyu nitamfukuza, nipangishe mbuzi."

Alikotoka yule kijana hawakuwa na utani wa namna hiyo. Akatoa kalamu, akaandika.

Baada ya majuma kadhaa kilikuja kibao cha bati chenye namba, kikapigiliwa juu ya mlango. Fakhrudin akawa mpangaji wa kitanda chake mwenyewe. Ngollo naye akaandikishwa kodi ya kivuli, safari hii ya kweli, akawa anapanga foleni dirishani kuilipa kama watu wengine. Alijaribu kueleza kwamba ulikuwa utani. Akajibiwa kwa upole kwamba habari za utani hazina dirisha lake.

Toka siku ya kibao Ngollo hakutania tena. Aliuogopa mdomo wake. Fakhrudin alingoja, kwa sababu zamu ya kuanza ilikuwa ya Ngollo, na zamu hairukwi. Akangoja juma la kwanza, akangoja mwezi, akasikia "habari za asubuhi, bwana Fakhrudin", akaelewa kuwa mtani wake amemtupa. Ikawa kila mmoja anaumia upande wake wa ukuta, na cherehani inalia katikati.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa bahari ilipofika.

Ilikuja kwa njia ya zamani ya misafara. Ililala Tura, ikalala Rubuga, ikalala Kigwa, penye makambi yaleyale, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mwanamke mmoja wa Kigwa ambaye kuku wake walichukuliwa wakarudishwa jioni wamelowa. Tabora ilifika alfajiri, ikapita mitaani kusalimia barazani kwa watu, na kufikia saa tatu ilikuwa imerudi nyuma ikajituliza kuanzia stesheni ya gari moshi kwenda mashariki, mpaka jicho linapoishia. Sylvester, mjumbe wa nyumba kumi, alipita akitangaza kwamba bahari iko likizo. Kila mfanyakazi ana haki ya likizo, alisema, na huyu hajapumzika tangu aumbwe. Tena Wanyamwezi walikwenda kumtazama miaka na miaka na yeye hajawahi kurudisha ziara. Watu wakaona hilo ni jambo la adabu, wakafagia njia ya kuteremkia majini.

Watu wa Tabora si wa kushtukashtuka. Kufikia Jumatano mji ulikuwa umeshazoea kuwa bandari. Wauza migebuka ya Kigoma walinuna siku moja, kisha wakahamishia meza zao ufukoni. Warina asali wa Usinge walileta madebe yao na kugundua kuwa mtu aliyetoka kuoga maji ya chumvi hununua asali bila kubishana bei. Wafanyakazi wa reli walianika mashuka kwenye kamba za gati, maana gati nalo lilikuwepo, limeota usiku kando ya reli. Viti vya mkeka vya hoteli vilitolewa nje vikaelekezwa majini, na wazungumzaji wa kahawa wa Gongoni wakahamia kwenye viti hivyo, wakaagiza kahawa ileile, wakazungumza yaleyale.

Aliyefurahi kuliko wote ni Nurbanu, mke wa Fakhrudin. Alizaliwa Nzega, akaolewa Tabora, na siku ya harusi aliahidiwa kupelekwa kuiona bahari mara tu duka litakaposimama. Duka lilisimama, wakazaa, wakamsomesha Badrudin mpaka akaenda kuishi Ulaya, na bahari ikawa bado. Sasa kila asubuhi alivaa viatu vyake vyeupe, akamshika mumewe mkono wa kulia, akamwita Ngollo aje kushoto na ule mwavuli wake wa marehemu, wakaenda kutembea.

Yalikuwa matembezi mazuri, tuseme kweli. Walitokea mtaani kwao, wakapita sokoni wakati wachuuzi wanamwagia maji mchicha, wakateremka barabara ya stesheni mpaka wakasikia mawimbi. Hapo Nurbanu alivua viatu. Walifuata ukingo wa maji mpaka ile sehemu iliyotazamana na Boma, ambapo upepo ulikuwa wa baridi kiasi cha kutaka shali, kisha wakarudi kwa njia ya juu ili wapite penye harufu ya vitumbua. Nurbanu aliokota makombe na kuyatia kwenye kikapu cha sokoni. Alimsalimia kila aliyekutana naye, na wadogo wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku maji yamemfika kwenye pindo la gauni.

"Upepo leo umetulia, bwana Ngollo," Fakhrudin alisema.

"Umetulia, bwana Fakhrudin. Labda mchana utaongezeka."

"Labda."

Nurbanu alisimama akawatazama wote wawili. Aliolewa katika nyumba ambayo asubuhi haikuanza mpaka mtu aitwe punda. "Nyie mna ugonjwa gani?" aliuliza.

"Hatuna ugonjwa, mama Badru," Ngollo alijibu kwa heshima zote.

Zamani alimwita shemeji na kumdai pilau. Nurbanu akaokota kombe jingine. Lakini waliporudi alipanda ghorofani akatoa sanduku chini ya kitanda na kulipangusa vumbi, kwa sababu alishaona kuwa mumewe anasinyaa, na mtu akisinyaa mahali huondolewa mahali hapo. Badrudin alikuwa akiwaita siku nyingi.

Juma la pili ikaja meli. Ilikuwa nyeupe, ndogo, haina jina ubavuni, na nahodha wake Abasi alikuwa Mzaramo mnene mwenye sauti ya kuadhini. Alipomwona Ngollo gatini alimwita palepale. "Mnyamwezi, bado mnaogopa maji? Au leo umekuja kunibebea nanga?"

"Karibu Tabora, nahodha," Ngollo alisema.

Abasi alingoja tusi lake, hakulipata. Akamuuliza mtu wa pembeni kama mzee yule ana homa.

Meli ilikuwa na ngazi ya mbao ya kupandia, na ngazi ile ilikuwa na tabia. Raymundi, karani wa posta, ambaye alikuwa na nyumba yake Cheyo na hamu ya kuona dunia, alianza kuipanda saa mbili asubuhi. Kadiri alivyopanda ndivyo ilivyorefuka mbele yake. Alipanda mpaka adhuhuri, watu wakimwona pale juu anatoa jasho, kisha akateremka kula. Walijaribu na wengine. Kwa wote ikawa hivyohivyo.

Fakhrudin alipofika kumsalimia nahodha alitia mguu mmoja tu, akajikuta juu ya sitaha.

"Ngazi hii inajua," Abasi alieleza. "Inampokea asiye na paa la kwake. Wenye mapaa inawarudisha nyumbani."

Fakhrudin alisimama pale juu akitazama ncha za viatu vyake. "Nilidhani labda ofisi wamekosea," alisema. Nurbanu akatia mguu naye, akafika, akasimama kando yake. Wengine wenye hali kama yao walikuwa wameshaondoka kwa gari moshi, kwa hiyo meli nzima ilikuwa ya wawili hao, kama wangeitaka.

Ngollo naye akajaribu. Alikuwa na nyumba Isevya, ya udongo na bati, aliyoijenga kwa sindano. Akapanda. Ngazi ikarefuka. Akapanda tena, huku anamwona Fakhrudin juu ya sitaha, mara mdogo, mara mdogo zaidi, mpaka akawa sawa na kifungo. Aliteremka taratibu. Hakuwahi kuichukia nyumba yake kabla ya siku hiyo.

Wakakubaliana kwamba meli itaondoka Jumapili. Bahari ilitakiwa kuwa kazini Jumatatu.

Jumamosi mchana Ngollo alikula kwake Isevya. Mkewe, Josepha, aliweka ugali na mlenda, akaketi, akamwona anatengeneza tonge moja kwa muda mrefu mno.

"Baba Marko, kamwombe radhi mwenzako."

"Nikimwomba radhi nitakuwa nimeua. Nitakuwa nimesema kwamba siku ile nilimaanisha."

"Na usipomwomba atapanda meli."

"Atapanda."

"Utafanya nini?"

Ngollo alitazama ule mwavuli uliosimamishwa pembeni ya mlango, na mbavu zake mbili zilizokatika. Aliutazama mpaka mlenda ukapoa. Kisha akala, akaomba kuongezewa, na Josepha akaongeza bila kuuliza zaidi.

Jumapili asubuhi walifanya matembezi yao ya mwisho. Nurbanu alitaka kupita kila mahali. Wakapita sokoni, wakapita penye vitumbua, wakasimama mbele ya nyumba wakaitazama pamoja na kibao chake. Fakhrudin aligusa nguzo ya baraza kidogo, kama mtu anavyogusa ng'ombe aliyekwisha kuuzwa. Alibeba sanduku moja na ile fimbo yake ya kupimia nguo, ambayo hakuwa na matumizi nayo huko aendako lakini mkono uliichukua wenyewe. Ngollo hakuwa kushoto kwa Nurbanu. Walidhani ameshindwa kuja kuaga, na Fakhrudin alisema, "Si kitu," kwa sauti ambayo mkewe hakutaka kuisikia tena.

Walipofika gatini walimkuta. Alikuwa amelala chali juu ya kipande cha kwanza cha ngazi, mwavuli umefunguliwa juu ya uso wake, miguu imepishana.

Watu waliokuwa ufukoni wakasogea. Hakuna aliyeuliza. Abasi alichungulia kutoka juu, akaona, akateremka, akakaa chini kwenye gati. "Mtani kalala," alisema. "Hapo hata injini siwashi."

"Bwana Ngollo," alisema Fakhrudin, "meli inaondoka."

Sauti ikatoka chini ya mwavuli, imekwaruza kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.

"Mzigo. Nani kakwambia mzigo hujibeba wenyewe?"

Fakhrudin aliweka sanduku chini. Miezi yote ile alikuwa ameliweka jibu tayari, na sasa alilitafuta asilione, mpaka Nurbanu akamsukuma kidogo kwa kiwiko.

"Punda," alisema hatimaye, "ondoka njiani. Umelala kwenye njia ya watu wenye akili."

"Sibanduki mpaka nipewe changu."

Kwa hiyo wakaanza kutoa, maana hiyo ni haki na hakuna wa kuipinga. Fakhrudin alitoa fimbo ya kupimia. Ngollo akasema yeye ana futi ya kamba na haidanganyi wateja. Nurbanu alitoa shali yake. Ngollo akasema aliishona yeye mwenyewe, tena pindo lake limepinda, anaona haya kuivaa. Abasi, ambaye kama Mzaramo alikuwa na sehemu yake katika jambo hili, alitoa kofia ya unahodha. Ngollo akasema hawezi kuvaa kitu kilichotoka kichwani kwa Mzaramo mpaka kichemshwe. Watu wakacheka. Jua lilikuwa limepanda, maji yakaanza kuondoka chini ya meli kidogokidogo.

"Sasa unataka nini?" Fakhrudin aliuliza.

"Nipe nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Ile yenye kivuli."

Hapo kicheko kikaisha. Hata waliokuwa mbali waliacha walichokuwa wakifanya. Fakhrudin alitazama maji, akatazama mji, akaona paa la nyumba lilivyojitokeza kati ya miembe ya barabarani.

"Hiyo sina, Punda," alisema.

"Basi sibanduki," alisema Ngollo, na mwavuli ukawa unatetemeka, ingawa upepo hakuna. Alikuwa analia, na kwa kuwa alikuwa chini ya mwavuli hakuna aliyelazimika kulijua hilo.

Fakhrudin alivua koti, akalikunja, akalala chali kando yake kwenye ubao, akavuta upande wa mwavuli ule wa baba yake umfunike na yeye. Walilala hivyo. Baadaye kidogo mmoja alisikika akimwambia mwenzake kwamba ananuka mafuta ya cherehani, na mwenzake akamwambia heri hayo kuliko harufu ya ubahili. Nurbanu akaketi juu ya sanduku, akavua viatu vyeupe. Alikuwa amekwisha kuiona bahari, naye Badrudin alikuwa na miguu, angeweza kuja likizo kama ilivyokuja bahari yenyewe. Alimwambia Abasi hivyo, na Abasi akakubali kwamba ni sawa.

Adhuhuri bahari iliondoka. Ilipita tena mitaani kuaga, ikalowesha baraza, ikashika njia ya Kigwa, na jioni watu wa Rubuga waliiona inakwenda haraka kama mtu aliyechelewa zamu. Meli ilibaki juu ya mchanga kando ya reli, imeinama kidogo upande mmoja.

Abasi aliitazama siku chache, akaona kwamba meli bila maji ni mzigo kwa nahodha, akamwachia Fakhrudin na kufungua biashara ya kahawa Gongoni, ambako aliwatukana Wanyamwezi kila siku na kupata wateja wengi. Fakhrudin na Nurbanu wakahamia humo. Palikuwa na vyumba viwili vyenye madirisha ya duara na mahali pazuri pa kuanika nguo. Ngollo alihamisha cherehani yake kutoka barazani akaiweka chini ya ubavu wa meli, upande unaopata kivuli mpaka saa kumi, akaanza kushona mapazia ya duara, kazi ambayo hakuna fundi wa Tabora aliyewahi kuifanya kabla yake.

Na ngazi ikaanza kurefuka. Siku ya kwanza Fakhrudin aliporudi kutoka sokoni alipanda akapanda, akafika juu magharibi, vitunguu vimeanza kunyauka. Magoti yalimuuma juma zima. Nurbanu alilalamika, akawa anatuma kikapu kwa kamba, lakini Fakhrudin hakulalamika. Alipanda polepole kila siku, kofia kisogoni, akipiga mluzi, akisimama katikati kupumzika na kuwatazama watu waliokuwa chini ili nao wamwone jinsi anavyochoka.

"Mzigo, leo umefika wapi?" Ngollo aliuliza kutoka chini.

"Nusu. Nyumba yangu iko mbali sana, Punda. Wewe huwezi kuelewa."

Yule kijana mwenye mkoba alirudi mwanzo wa mvua za vuli. Alikuwa mtu mwema, mpole kwa wazee, na alimwamkia Ngollo shikamoo kabla ya kufungua kalamu. Aliizunguka meli, akaipima kwa hatua, akarudi kwenye kivuli.

"Mzee, huyu mwenye meli anakutoza nini kukaa hapa?"

Ngollo alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akavua futi ya kamba shingoni, akaikunja, akaiweka mezani. Akasimama wima kama mtu aliyeitwa barazani kutoa ushahidi.

"Hanitozi kitu, mwanangu," alisema. "Nyumba ni yake, anakaa mwenyewe. Huyu ni ndugu yangu."

Kijana alimtazama yule Mnyamwezi mweusi tititi, akainua macho akamtazama yule Mhindi aliyekuwa anaanika soksi juu ya sitaha, akaangua kicheko. Alicheka mpaka akatoa leso. "Nyie wazee wa Tabora," alisema akijifuta macho, "utani wenu hauishi." Kisha akatoa nyundo na kibao cha bati chenye namba, akakipigilia kwenye ubavu wa meli, misumari minne, akahakikisha kimenyooka.

Ngazi ilijikunja yenyewe, ubao juu ya ubao, mpaka ikabaki hatua moja. Fakhrudin aliiona kutoka juu. Alishika soksi iliyobaki, akaikung'uta, akaitundika. Ngollo alikuwa bado amesimama na mikono mitupu, na Fakhrudin hakuweza kuvumilia kumwona amesimama vile.

"Punda," alimwita kutoka juu, "kaa chini ushone. Na kodi ya kivuli hujalipa."

Kijana alikuwa ameshafunga mkoba. Akaufungua tena, akatoa kalamu.